Chupa Saba za Mzee wa Kanisa

Masukulu, Rungwe

Shikamoo Baba,

Usikimbie. Kaa hapo hapo ulipo, na mimi nimekaa hapa mezani, na katikati yetu kuna udongo wa kutosha, kwa hiyo hakuna aliyevunja mwiko. Ni mimi Subilaga, mke wa marehemu Gwakisa mwanao, mama yake Lusajo. Najitambulisha kwa sababu tumeishi uwanja mmoja miaka ishirini na moja bila kusalimiana, na sina hakika kama sauti yangu unaifahamu isipokuwa inaongea na kuku.

Hii ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kwako. Wasichana wa siku hizi nikiwasimulia wanadhani natunga. Wanasema, "Mama Lusajo, yaani baba mkwe wako hukuwahi hata kumpa mkono?" Mkono! Nilifundishwa siku ninaolewa kwamba mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye mkwe ndiye anayetafuta pa kujificha. Wengi wameshaacha. Wewe hukuacha, na mimi sikutaka niwe mkwe wa kwanza kukuaibisha. Hata fundi baiskeli wa pale senta, ambaye ni wajina wako, namwita "yule wa tairi" mpaka leo, na mkewe aliwahi kununa.

Nimeuliza wazee wawili kama mila inayofunga macho na mdomo inafunga na kalamu. Mmoja alisema hajawahi kuulizwa swali la kipuuzi kama hilo tangu azaliwe. Mwingine akasema nimwache afikirie. Bado anafikiria, na mimi nimechoka kungoja, ndiyo maana naandika.

Nianze na habari za nyumbani. Mama, mkeo, hajambo. Macho yake yametibiwa Mbeya na sasa anaona mpaka vitu ambavyo tungependa asivione. Juzi ameikuta chini ya kabati ile sufuria niliyoiunguza mwaka juzi. Redio yako anayo yeye, haizimwi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Lusajo amemaliza chuo, yuko Tukuyu mjini anafunga madirisha ya aluminiamu, na anakuja Jumamosi na nguo chafu za wiki nzima. Mvua ni ile ile. Nilidhani ingepungua kidogo kwa heshima ya msiba, lakini siku ya kukuzika mchungaji alihubiri chini ya mwavuli na nusu ya mahubiri hatukuisikia.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya ndama. Nimekuandikia kwa sababu ya shamba la chini. Ilibaki kidogo tu, Baba, nifunge mizigo nirudi Nkunga kwa kaka zangu na cherehani yangu kichwani.

Unajua mwenyewe ulivyogawa. Mashamba mawili yameshikana: la juu la Lwitiko, la chini la Gwakisa, ulimpa siku aliponioa. Uligawa kwa mdomo, kama kila mtu hapa kijijini, bila karatasi. Gwakisa alipotutoka, miaka tisa iliyopita, ulisimama mbele ya ukoo ukasema mama Lusajo habanduki pale, migomba ile ni yake na mwanawe. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nimejifunika kitenge, nikasikia kila neno. Hakuna aliyebisha. Ulikuwa umeshika fimbo, na ulikuwa hai.

Sasa ukafariki. Matanga hayajapoa vizuri, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba wapimaji wanakuja, kila familia ipimiwe shamba lake ipewe hati ya kimila. Jambo zuri, tumelingoja miaka. Lakini kama unavyojua, siku hizi parachichi limekuwa parachichi. Zamani tulikuwa tunawapa nguruwe. Leo magari yanakuja mpaka mlangoni, na kila mwenye hatua kumi za udongo anazitembelea kutwa mara tatu kuziangalia kama zipo.

Ndipo Shemeji Lwitiko akaanza kupenda kijiji. Nisimseme vibaya mwanao. Yeye ndiye aliyelipia jeneza, na siku ya mazishi alilia kuliko wote. Lakini tangu afungue duka la vifaa vya ujenzi pale Kiwira tulikuwa tunamwona Krismasi na Pasaka. Baada ya matanga akawa anakuja kila Jumamosi. Analeta sukari, anamwamkia Mama, kisha anashuka shambani amefunga mikono nyuma. Jumamosi moja nikatoka kukamua ng'ombe nikakuta mstari mzima wa mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, umepandwa, umenyooka vizuri, unapita nyuma ya jiko langu. Nikamwuliza, "Shemeji, haya nini tena?" Akasema, "Huo si mpaka wa siku zote, shemeji? Naufufua tu."

Mpaka wa siku zote! Kwa mpaka huo mimi ningebaki na nyumba, jiko na choo. Migomba yote ingekuwa yake, miparachichi kumi na minne aliyoipanda Gwakisa kwa mkono wake ingekuwa yake, mpaka kijitoni. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba nyumba hatanigusa, nikae mpaka nitakapochoka. Nikae nile nini, matofali?

Sasa hapa nataka nikukumbushe tulivyoishi, maana huko uliko huenda unaanza kusahau.

Uso wako sikuujua. Kwangu mimi wewe ulikuwa kikohozi. Nikisikia kikohozi natupa kilichoko mkononi na kujificha: nyuma ya mgomba, zizini, mara moja ndani ya pipa la maji ambalo bahati nzuri halikuwa na maji mengi. Ukiwa na neno la kuniambia ulimwambia ng'ombe. "Wewe ng'ombe, leo mtu asianike mahindi, mvua inakuja." Nami nilimjibu kuku: "Kuku wewe, yameshaingizwa." Mwaka ule ng'ombe alipokufa tulikaa miezi miwili bila mawasiliano, mpaka ukanunua mwingine. Kanisani mchungaji alisema mambo hayo hayana nafasi katika nyumba ya Bwana. Ukamwitikia vizuri, ukahamia ibada ya kwanza ukaniachia ya pili.

Na siku ile ya utelezi unaikumbuka? Nimetoka kukata mkungu, nimejitwika, nashuka kwenye kile kimteremko, mvua inanyesha, nikaanguka chali na ndizi zangu, kanga huko, mimi huku. Na wewe unatokea. Nilisema leo ndiyo leo. Ukageuka ukaukabili mgomba. Ukasimama pale, pua imegusa gome, mvua inakumiminikia shingoni, mpaka nikaokota ndizi ya mwisho, nikajifunga kanga na kuondoka. Nilipofika jikoni nilichungulia, bado umesimama. Hukuwa na uhakika kama nimemaliza. Ikabidi nimwambie kuku kwa sauti kubwa kwamba nimeshafika nyumbani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na niliona heshima, Baba. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kuloana kwa ajili yangu.

Lakini lipo na jingine ambalo sikuliona heshima, na hilo leo nalitubu. Gwakisa alipofariki ulianza kupita mpakani kila asubuhi. Kabla ya hapo hukuwa na tabia hiyo. Mimi nimeinama napalilia, nasikia kikohozi kule juu kwenye jiwe jeupe, viwili vifupi. Halafu kimya. Halafu kwenye kisiki cha mkaratusi, kirefu, na mate juu yake. Kwenye mianzi ulikuwa unafoka "Alaa!" na wala hapakuwa na mtu. Unapinda kushoto, unashuka, unakohoa, unashuka tena, na kijitoni unamalizia kwa kuimba besi ya wimbo wa kanisani ambayo, unisamehe, hukuwahi kuipatia. Jua liwake, mvua inyeshe, ni hivyo hivyo. Nami nalala kifudifudi kati ya mashina na jembe langu mpaka upite.

Nilikasirika. Nilijiambia huyu mzee ananichunga. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nimefiwa na mume, nikasema anapita kuangalia kama nimeingiza mwanaume kwenye migomba yake. Nilikutukana kimoyomoyo, asubuhi nyingi sana. Siku nyingine hata kuku alinisikia.

Basi, siku ya wapimaji ikafika. Walikuja wawili kutoka halmashauri: kijana mwenye kidude cha kupimia kinachoongea na setilaiti, na dada mmoja mwenye fomu na kalamu tatu. Nyuma yao kamati ya ardhi ya kijiji, majirani, na watu ambao hawakuwa na shughuli nyingine. Mama hakuwepo, alikuwa Mbeya kwenye matibabu ya macho. Lusajo aliomba ruhusa kazini akaja. Mama mchungaji alikuwepo, maana shamba lake lilikuwa linafuata kwenye foleni. Lwitiko alivaa buti mpya za mvua zenye karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye kisigino.

Akaanza yeye. Akasema Baba alimweleza kwa mdomo wake kwamba mpaka ni yale mabingobingo, yapo pale tangu yeye hajazaliwa. Tatizo ni kwamba Alhamisi iliyotangulia ng'ombe alikuwa amekata kamba, akala nusu ya mpaka. Naapa sikumfungulia mimi. Mwenyekiti wa kitongoji akainama, akashika shina moja lililobaki, likang'oka kama karoti, halina hata mizizi ya maana. Yule dada akauliza kwa adabu, "Haya ndiyo ya tangu hujazaliwa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilicheka mapema mno. Mwenyekiti akasema sawa, mabingobingo ni mapya, lakini mpaka wa zamani uko wapi? Jirani wa kulia anajua wa kwake na wewe, wa kushoto vile vile. Wa katikati, kati ya ndugu na ndugu, nani anaujua? Mzee mmoja akaelekeza kidole kaburini kwako akasema, "Aliyeujua yuko pale." Dada akasema kama hakuna shahidi, basi ataandika maelezo ya mtoto wa marehemu, ambaye ndiye aliyepo, na mwenye malalamiko aende baraza la ardhi. Nikaona mkono wake unashuka kwenye fomu. Nikawaza cherehani, nikawaza kaka zangu na wake zao, nikawaza Lusajo akija Jumamosi na nguo zake chafu anazipeleka wapi.

Nikasema, "Mimi naujua."

Wote wakageuka. Dada akauliza nimeoneshwa na nani. Nikasema na baba mkwe wangu. Anaitwa nani? Hapo nikakwama, Baba. Mdomo ulifunguka, haukutoka kitu. Watu wa hapa walielewa, lakini yule kijana wa kidude sijui kwao ni wapi, akadhani naumwa, akaniletea maji. Nikachukua moja ya zile kalamu tatu nikaliandika jina lako kwenye fomu, herufi kubwa. Dada akalisoma kwa sauti mbele ya umati, na mimi nikajifunika kitenge usoni palepale.

Lwitiko akaja juu. "Shemeji, jamani! Wewe hukuwahi hata kumwona Mzee! Ulikuwa unakimbia ukimsikia!"

Nikamwambia, "Ndiyo. Miaka tisa, kila asubuhi. Ili nimkimbie ilibidi nijue yuko wapi. Hakuna mtu kijijini hapa aliyejua alipo Mzee kuliko mimi."

Nikashika njia. Sikujua nitaanzaje, nikaanza kwa kukohoa. Nilisimama kwenye jiwe jeupe nikakohoa viwili vifupi, kama wewe. Wazee wakaguna, maana ulikuwa wewe mtupu. Kijana akabonyeza kidude chake. Nikaenda kwenye kisiki, nikakohoa kirefu. Mate niliyaacha kwa sababu ya wageni. Kwenye mianzi nikapiga "Alaa!" mpaka mtoto wa mtu akalia. Lakini Lwitiko akasema kukohoa si ushahidi, hata yeye anaweza kukohoa, akakohoa kumwonesha dada, mahali anapopataka yeye. Tukawa wawili tunakohoa shambani na watu wanacheka, na mimi machozi yananilenga, maana alikuwa anasema kweli. Kikohozi hakiandikwi kwenye fomu.

Ndipo yule mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Wazee wetu walikuwa wanafukia vitu mpakani. Hebu chimbeni pale alipokohoa mama." Lusajo akachukua jembe. Mapigo matano tu, chuma kikagonga kitu. Akakwangua kwa mkono, akatoa chupa, imefukiwa kichwa chini. Chupa ya bia.

Mzee wa kanisa miaka thelathini! Wewe uliyewatenga vijana wa kwaya kwa kunusa pombe tu! Tukaenda kwenye kisiki. Chupa. Kwenye mianzi, chupa. Kufikia ya nne umati ulikuwa umeongezeka kama wa harusi, wanatoka mpaka wasiopakana na sisi, na kila nikikohoa wanashika pumzi, jembe likigonga wanapiga makofi. Ya tano kuna mtu alianza kuhesabu kwa sauti. Mama mchungaji alikuwa amekaa kwenye shina la mgomba, mkono kifuani. Saba, Baba. Zote za aina moja, kila moja hapo hapo ulipokuwa unakohoa, mpaka kijitoni.

Ya mwisho aliichimba Lwitiko mwenyewe. Alimnyang'anya Lusajo jembe, nikadhani anataka kuivunja. Akaitoa, akaifuta udongo kwa shati lake, akaitazama. Nilitegemea aseme neno juu ya shamba. Akasema, "Kumbe Baba alikuwa anakunywa?" Na ile sauti, Baba, ilikuwa ya mtoto. Shamba alikuwa ameshalisahau kabisa. Baadaye akavua kofia akamwambia dada, "Andika anavyosema shemeji. Ndiyo mpaka." Akarudi Kiwira siku hiyo hiyo na buti zake, hazina hata tope la kutosha.

Nilishinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa umekuangusha wewe. Jumapili kanisani ilikuwa ni minong'ono mitupu. Kuna waliosema zilikuwa za ujana wako, kuna waliosema walikuwa wanahisi siku zote, kutokana na ile besi. Mimi niliwaambia uliziokota barabarani. Wakaniuliza, saba, za aina moja, hata moja haina ufa? Nilipata shamba na nikapata aibu ya kumvua nguo mtu ambaye sikumwona uso mpaka siku ya jeneza. Siku ile Mama, ambaye z zake nyingine hutoka s, alinishika mkono akaniambia, "Sasa mtasame, mwanangu, hawezi tena kukuona." Nikakutazama. Sikujua kwamba nyusi zako zilikuwa na mvi. Sikujua masikio ya Lusajo yametoka kwako. Nilisimama pale najifunza sura yako, na watu nyuma yangu wanasukuma foleni.

Wiki mbili baada ya wapimaji Mama akarudi kutoka Mbeya. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, nikiogopa moyo wake. Nilipofika kwenye chupa alianza kucheka. Alicheka akashika mlango, akakaa, akaomba maji, akacheka tena na maji mdomoni.

Akaniambia, "Zile bia tulikunywa wote. Tatu na nusu mimi, tatu na nusu yeye."

Kumbe ulimtuma yeye akanunue Tukuyu, mbali na macho ya washirika. Chupa tupu ungeziomba baa ungeonekana, kwa hiyo mkanunua zenye kitu ndani, na kumwaga mkaona ni dhambi ya pili. Mama anasema zilikuwa chungu na mlikunywa kama dawa, moja kwa wiki, mlango umefungwa. Alikuuliza, "Msee, kazi yote hii ya nini, si umwambie tu mtu?" Ukamjibu kwamba Lwitiko ukimwonesha atakuja kuzing'oa, na mkwe huwezi kusema naye. Kwa hiyo utapita kila siku mpaka mkwe ajue.

Akakuuliza, na asipojua je? Ukasema, "Anajua. Huoni anavyokimbia vizuri?"

Baba, niliweka uso kwenye meza hii hii nikalia. Miaka tisa. Na lile goti lako la kushoto. Mama anasema kila shimo ulichimba siku yake, kwa sababu ukipiga magoti mara moja ilikuwa haiwezekani tena mpaka kesho. Mvua za Machi, mvua za Aprili, umepita unakohoa kikohozi ambacho hukuwa unaumwa, ili mke wa mwanao, amelala kwenye majani anakutukana, ashike njia. Hukuwa unanichunga. Ulikuwa unanifundisha. Nisamehe. Nimekaa na neno hili kifuani na sikuwa na pa kulipeleka.

Jina lako pia limesafishwa, ingawa si kwa namna ambayo ungeipenda. Mama hakuniomba ushauri. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa zima akaeleza habari yote, pamoja na mgao wa tatu na nusu kwa tatu na nusu. Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema tuendelee na tangazo la kwaya ya akina mama. Lwitiko alikuwepo. Baada ya ibada alinifuata nje akasema atakuja Jumamosi kunisaidia kufunga ua wa ndama. Alikuja kweli. Ile karatasi ya kisiginoni imeshatoka.

Hati imetoka wiki iliyopita. Ina muhuri na ina jina langu, Subilaga, na chini yake la Lusajo, na ramani ndogo yenye alama saba. Nimeiweka kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko, mfuko kwenye sanduku, na ufunguo anao Mama, ambaye sasa anaona.

Kuna jambo moja la mwisho naona haya kulisema. Kaburi lako liko kando ya njia ya bombani. Tangu tukuzike, miezi mitano yote hii, nilikuwa nazunguka nyuma ya zizi na ndoo kichwani, kwenye tope, ili nisipite mbele ya uso wako. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni miguu tu. Jana asubuhi nilifika kwenye ile kona ya kuzungukia, nikasimama, maji yananimwagikia begani. Nikanyoosha moja kwa moja. Nikafika, nikatua ndoo, nikakaa upande wa kichwani, tukatazamana. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikasema ndama ni jike, basi. Haya mengine ndiyo nimeyaandika.

Lala vizuri, Baba. Shamba sitaliacha. Mpaka nitaupita mimi, na Lusajo nitampitisha huku namwambia kwa mdomo, jiwe kwa jiwe, mpaka achoke kunisikia. Na wewe, kuanzia leo, nitakupita kwa mbele.

Mkweo,
Subilaga